Maneno Yaliyopita Juu ya Ukuta

Mwanangu Nestoria,

Najua utacheka ukiona nimekuita mwanangu. Umenitangulia kuzaliwa kwa mwaka mzima, umemaliza kidato cha nne wakati mimi bado nafuta ubao, na tulipokuwa wadogo wewe ndiye uliyenishika mkono kuvuka mfereji. Lakini baba yako alikuwa kaka yangu, tumbo moja, na kwa watu wetu dada wa baba ni masenge, na masenge ni mzazi hata kama bado ananyonya. Bibi yako, mama yangu, alinikumbusha juzi tukichambua maharage. Alisema, "Msichana hatoki nyumbani bila maneno ya masenge wake. Na masenge wake ni wewe, hakuna mwingine." Nikamjibu kwamba kwa umri wangu huu sijui niseme nini. Akasema, "Unajua cha kusema. Unaogopa tu."

Ni kweli. Na kwa sababu naogopa, naandika. Unanijua, hata mwalimu akiniuliza jina langu mbele ya darasa sauti inaishia kooni. Kwenye karatasi naweza kusema sentensi mpaka mwisho.

Sitakuambia habari za sanduku, wala za treni ya Tabora, wala namna ya kukaa na wasichana wa chuoni ambao hawajawahi kuona Litapunga. Hayo wamama wamekuambia tangu Jumapili, tena kwa kupokezana. Mimi nina jambo moja tu. Ukilimaliza utajua kwa nini wiki hizi zote nimekuwa nikikuangalia mabegani, siyo machoni.

Linaanza na yule wakala. Wewe ulikuwa shambani siku aliyokuja kwenye kikundi cha wamama, na shati lake jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi la barabara ya Mpanda. Mimi nilikuwepo kwa sababu ndimi katibu wao. Alisema kuna kampuni inayowatibu watu kwa mazungumzo. Mtu mwenye huzuni, au asiyelala, au aliyefiwa, anaingia kwenye simu, anapata mshauri, wanaongea, analipa. Kampuni inakua, inataka mtaji, na sasa inauza hisa kwa wananchi wa kawaida, hata kwa vikundi kama chetu.

"Yaani watu wanalipa ili waongee?" aliuliza Mama Eliza, mwenyekiti wetu.

"Wanalipa ili wasikilizwe, mama."

"Basi mimi namdai mume wangu. Namsikiliza tangu tuoane."

Wamama walicheka mpaka wakala akacheka. Lakini hawakumfukuza. Mmoja alisema mbona hata maji, ambayo Mungu ameyaweka bure, siku hizi yanauzwa kwenye chupa na wenye viwanda wanajenga maghorofa. Mwingine akasema huzuni haina msimu, mahindi yana msimu. Wakala aliacha waraka mnene wa kampuni, na wote wakanigeukia mimi.

Niliusoma waraka ule kwa siku nyingi. Unakumbuka nilivyokuwa nakaa nao mpaka jikoni, unga unaungua. Nilifurahi, Nestoria. Nilikuwa sijawahi kupata kitu kigumu cha kusoma ambacho kuna mtu anangoja nikisome. Nilirudi kikundini nikawaeleza kwamba hisa ni kipande cha kampuni, kwamba faida ikipatikana mnaweza kupata gawio na isipopatikana hampati, kwamba bei inaweza kupanda na inaweza kushuka mkabaki mnatazamana. Nilieleza vizuri. Hilo silijutii. Lakini nilipokuwa naeleza, wamama walinyamaza. Wanawake wanaonituma maji, wanaoniambia "wewe na vitabu vyako utaolewa na kabati," walinyamaza ili mimi niseme. Sikujua kunyamaziwa kuna utamu kiasi kile. Nilitaka tena.

Na niliamini. Ile habari ya mtu kukaa na mzigo miaka, halafu akautua kwa kusema tu, ilinishika. Nilitaka wanunue. Sikuwa nafikiria gawio, nilitaka jambo zuri kama lile liwe letu kidogo.

Wao hawakuwa na haraka. Mama Eliza alisema, "Karatasi haijakataa kitu tangu dunia iumbwe. Hata ng'ombe unamkama kwanza ndiyo unatoa hela." Wote wakakubali kwamba tumjaribu huyu ng'ombe.

Mama Eliza alijaribu mwenyewe. Alikaa katikati yetu, akapiga, akaanza kumweleza mshauri habari za mihogo yake iliyooza na bei ya mbolea. Mshauri, sauti ya dada mpole, alisema, "Nakusikia, mama."

"Najua unanisikia, si mtandao upo!" Mama Eliza akajibu, na tulicheka tukashindwa kuendelea.

Alipokata simu alisema, "Hapana. Mimi sina ugonjwa, nitatibiwa nini? Ukitaka kuijua dawa, mpe mgonjwa."

Kila mtu akaangalia chini. Pale kulikuwa na wajane, kulikuwa na mama aliyezika mapacha, lakini nani atasema mimi ndiye mgonjwa? Ukimya ulikuwa mrefu. Nikausikia ukinivuta, na mimi ambaye siongei nikaongea.

Nilisema, "Nestoria."

Bibi yako aligeuka akaniangalia. Hakukataa. Naye alikuwa anakusikia usiku.

Tunalala kitanda kimoja. Nakujua ukilala kuliko unavyojijua. Tangu baba yako afariki ulikuwa unasaga meno, na mara nyingine ulisema, wazi kabisa kama mtu anayeongea barabarani, "Baba, usije." Sikuwahi kukuuliza. Nilifikiri kuuliza ni kukosa adabu. Sasa nadhani nilikuwa mwoga tu.

Habari ya kifo chenyewe unaijua kuliko mtu yeyote, lakini niiandike kama tulivyokuwa tunaijua sisi wengine wakati ule, ili uone tulikuwa wapi. Baba yako alikuwa fundi seremala mjini. Siku ya mvua kubwa, bila taarifa, alikwenda Magamba kwa Mzee Silvesta akaazima pikipiki, akashika njia ya nyumbani. Kwenye kijito kabla ya kwetu maji yalikuwa yamepita juu ya daraja la miti, yakamchukua. Mzee Silvesta alipokuja msibani alisema, "Aliniambia mama yake anaumwa sana." Na bibi yako alikuwa mzima kabisa, siku ile alikuwa anapalilia. Ndiyo maana watu wakasema Silvesta ni mwongo. Walisema alimtuma marehemu kwa shughuli zake mwenyewe na sasa anatafuta pa kuiweka lawama. Hakukanyaga tena kwetu. Na kila mvua ilipopiga bati, bibi yako alikuwa anauliza swali lile lile, bila kumwangalia mtu: "Nani alimwita mwanangu na mvua kama hii?"

Nilikuja kwako ulipokuwa unaosha vyombo. Nilikuambia kuna dada wa kuongea naye kwenye simu, kikundi kitalipa, wewe useme tu unachotaka. Uliniuliza, "Na wao watajua nitakachosema?" Nikaleta waraka, nikakusomea kipengele kinachosema mazungumzo ni siri kati ya mtu na mshauri wake. Nilikusomea mara mbili, na kidole changu chini ya mstari. Ulitikisa kichwa ukakubali. Uliiamini ile karatasi kwa sababu niliishika mimi.

Wiki ile kikundi kilikutana nyumbani kwetu. Wamama walikuwa sebuleni. Simu ilikuwa ile ya kikundi, ambayo sikio lake limekufa na haisikiki bila kuweka spika. Na nyumba yetu unaijua: kuta zinaishia njiani, hazifiki kwenye bati, mtu akikohoa chumbani sebuleni wanamwambia pole. Yote haya nilikuwa nayajua. Mpango ulikuwa wamama wanyamaze kimya, wewe uongee chumbani, wao wasikie kama dawa inafanya kazi. Nani alipanga? Mama Eliza alisema, "Tutanunua kitu ambacho hatujakisikia?" na mimi nikasema chumba changu kiko karibu.

Nilikukalisha kitandani nikakupa simu. Sebuleni kulikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Ukauliza kwa sauti ndogo, "Wameenda?"

Nikasema, "Ongea tu."

Nimeyarudia maneno hayo mawili mara nyingi kuliko sala yoyote. Mimi najivuna kwamba sisemi uongo, na wewe ulikuwa unanitania, ukiniita Mtakatifu Goreti wa Litapunga. Basi siku ile sikusema uongo. Nilitafuta maneno ambayo si uongo na si kweli, nikayapata haraka, kama mtu aliyeyazoea. Halafu nikafunga mlango, nikaenda kukaa nao.

Mwanzoni ulijibu "ndiyo" na "hapana." Mama Eliza alianza kunionyesha kwa mkono kwamba hakuna kitu. Halafu yule dada akakuuliza kuhusu baba yako, na ukaanza.

Ulisema ulikuwa unapata Kipaimara wiki ile na yeye alikuwa amesema kazi imembana, hatakuja. Ulisema uliazima simu kwa jirani ukampigia. Ulisema, "Nilimwambia bibi anaumwa sana. Nilijua kwa bibi atakuja." Ulisema hukuwa umeona wingu. Ulisema Mzee Silvesta alipoitwa mwongo mbele ya watu wewe ulikuwa umesimama pale, umeshika sahani ya wageni, na hukusema kitu, na tangu siku ile kila mvua bibi anauliza na wewe unanyamaza.

Yule dada akauliza taratibu, "Na umeshamwambia nani jambo hili?"

Ukasema, "Wewe tu."

Tulikuwa sebule nzima, Nestoria.

Hakuna aliyejisogeza. Mama aliyezika mapacha alijaza kitenge mdomoni. Uliendelea, ukalia, yule dada akakuacha ulie, hakukuharakisha, hakukuambia usilie wala Mungu ana makusudi. Alikuuliza baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Na wewe ukaanza kusimulia jinsi alivyokuwa anapima mbao kwa shubiri na bado mlango unafunga sawasawa, na tukakusikia unacheka. Kicheko kile hatukuwa tumekisikia tangu msiba.

Hapo Mama Eliza alituinamia akanong'ona, "Inafanya kazi." Akanyoosha mkono wake juu, akatutazama mmoja mmoja. Akafuata mwingine. Mikono ikapanda kimya kimya ili usisikie, wanawake wana machozi usoni na mikono juu, wanapiga kura ya kununua. Bibi yako alikuwa ameiweka mikono yake mapajani, ameifumba.

Mimi nilinyoosha.

Kama utasahau mengine ya barua hii, hilo usilisahau, kwa sababu hakuna mtu atakayekuambia isipokuwa mimi. Ningeweza kusema nilizidiwa, au nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia kweli, lakini mkono ulikuwa juu. Jambo nililolisoma kwenye waraka lilikuwa limethibitika mbele ya watu, na aliyelileta ni mimi. Kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha. Nimejaribu kukumbuka vinginevyo na siwezi.

Ulipotoka, wamama walikuwa wameshapitia mlango wa nyuma wako uani wanapukuchua mahindi. Ulinawa uso, ukawasalimia, wakaitikia wote pamoja kwa sauti kubwa mno. Halafu ulinifuata nilipokuwa nimejificha kwenye kuni ukasema, "Asante, Masenge." Maisha yako yote ulikuwa unaniita hivyo kwa utani. Siku ile hukutania.

Tangu pale umekuwa mtu mwingine. Husagi tena meno usiku, unalala kama mtoto aliyeshiba. Umekuwa ukisema wamama wamebadilika, Mama Eliza kakupa kitenge kipya, mwingine kaleta mayai, na ukadhani ni kwa sababu unaondoka. Siyo kwa sababu unaondoka. Nao hawajamwambia mtu nje ya kikundi, nakuapia, hata waume zao. Wameona aibu pia, ila wao ni wengi na aibu wanaigawana.

Na bibi yako. Unakumbuka asubuhi ile alivyomkamata jogoo mkubwa, yule aliyekuwa anasema ni wa Krismasi, akaniambia nimfuate? Uliuliza tunakwenda wapi, akasema Magamba kusalimia. Tulikwenda kwa Mzee Silvesta. Alikuwa anatengeneza baiskeli, akatuona, hakusimama.

Bibi yako alisimama uani kwake na jogoo mkononi akasema, "Silvesta, ulisema kweli."

Mzee alifuta mikono yake polepole. "Mimi nilijua nimesema kweli, mama. Nilikuwa nimechoka kulijua peke yangu."

"Nimekuja kukuambia hivyo."

"Nani kakuambia wewe?"

"Hakuna aliyeniambia."

Alimwangalia sana, halafu akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia jogoo. Hakuuliza tena. Alituletea viti. Walikaa wakaongea habari za mvua na za watu waliokufa, na tulipoondoka alitusindikiza mpaka barabarani akiwa anachechemea.

Mvua iliyofuata wewe mwenyewe ulisema, "Umeona? Bibi hakuuliza. Alisema tu ingizeni kuku. Nadhani anaanza kupona." Na mimi niliyekuwa na jibu mdomoni nikaenda kuingiza kuku.

Hapo ndipo nilipokwama. Ulikuwa umepona, au unapona. Nikikuambia nakuvunja, nisipokuambia nakuibia. Nilijiambia nitakuacha uende Tabora na moyo mwepesi, ujifunze kutibu ng'ombe, na siku moja tukiwa wazee nitakuambia tucheke. Nilikuwa nimeamua hivyo kabisa. Nilijiona mwema. Halafu nikaangalia vizuri nikaona ni lile lile tena: mimi ndiye ninayejua, wewe ndiye usiyejua, na mimi ndiye ninayeamua kwamba hivyo ni vizuri kwako. Bado nilikuwa nimekaa sebuleni nasikiliza.

Jumamosi nilisimama kikundini. Wakala alikuwa anapiga simu kila siku kuuliza tumefikia wapi. Nilisema haraka ili nisiache njiani. Nilisema lile jaribio halikuwa halali na mimi siwezi kuandika kwamba kikundi kimeridhika.

Mama Eliza alikasirika. "Si wewe uliyemtaja? Chumba si chako?"

"Ni changu."

"Kwa hiyo tusinunue kitu kizuri kwa sababu tumejua ni kizuri? Jibu, msomi."

"Tumejua kwa kuiba," nikasema.

Walinyamaza, lakini kunyamaza kule hakukuwa na utamu wowote. Mama wa mapacha akasema hela ya kikundi iko sandukuni, haiozi, tungoje kwanza. Mama Eliza alisonya, kisha akasema, "Nyie mnangoja, mimi najua nilichosikia." Lakini naye aliangalia chini. Mambo yamebaki hapo. Sijui watanunua au hawatanunua.

Sitaki uichukie ile kampuni, wala yule dada. Sijui kama hisa zile zitaleta faida. Waraka hauwezi kuniambia na sasa najua nisijifanye umeniambia. Lakini nilikuwa nasikiliza, kwa aibu yangu, na nimesikia jinsi alivyokuuliza. Yeye alitimiza kila kitu kilichoandikwa kwenye kile kipengele. Ubaya ulikuwa upande wetu wa simu. Ukihitaji kuongea naye tena huko Tabora, ongea. Tafuta mahali peupe, uwanjani, uone mwenyewe nani yuko karibu. Nimenunua kifaa cha masikioni kwa hela yangu ya karanga, kiko kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Si zawadi, na hakilipi kitu.

Kuhusu lile ulilosema, nilikuwa nimeandika kurasa mbili za mawaidha, nimezichana. Zilikuwa na maneno mazuri na zilikuwa zangu tu. Nitakuambia kitu kimoja ambacho ni kweli. Baba yako ndiye aliyenifundisha kusoma, kwenye magazeti aliyokuwa anafungia misumari, na kila alipoondoka kwenda mjini nilikuwa naficha kiatu chake kimoja ili achelewe. Alijua. Alikuwa anakitafuta kwa kelele kubwa, akikipita, ili nicheke. Sisi wote tulikuwa tunamvuta mtu yule aje nyumbani, kila mmoja kwa uongo alioumudu. Wewe ulikuwa na simu. Ningekuwa nayo mimi, nisingeishia kusema bibi anaumwa. Ningesema amekufa.

Hilo halibadilishi yale maji ya kijitoni. Najua.

Siombi unisamehe leo. Ukinisamehe haraka nitajua umefanya hivyo ili nisilie, kwa sababu ndivyo ulivyo, na nitakuwa nimekuchukulia kitu kingine tena. Kaa na hasira yako, ipeleke Tabora, iandike barua kuja huku ikitaka. Nitaisoma yote na sitaisomea mtu.

Sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike leo na siyo kungoja. Leo asubuhi bibi yako aliniita kisimani.

"Utamwambia lini?"

"Kumwambia nini, mama?"

"Usinifanye mtoto, Goreti."

Nikasema naogopa utakwenda umevunjika. Nikasema labda aseme yeye, wewe utamsikiliza zaidi. Alijaza ndoo yake mpaka juu kabla ya kunijibu.

"Mimi nitasema nini? Mimi sijasikia kitu. Yale yalipita juu ya ukuta, hayakupita mlangoni. Kwa Silvesta nilikwenda kwa sababu deni la heshima halingoji. Lakini mtoto wangu bado hajaniambia neno. Siku akiniambia ndiyo nitakuwa nimesikia."

"Na asipokuambia?"

"Basi nitambariki hivyo hivyo, aende. Lakini asiende akidhani nimeacha kuuliza kwa sababu nimesahau mwanangu."

Kwa hiyo nakuwekea barua hii juu ya begi lako sasa hivi, jua bado halijazama, kabla ujasiri haujaniishia. Bibi yako yuko jikoni. Anasema anakaanga karanga za safari yako, lakini nimechungulia, karanga zimeiva zamani na moto ameuzima. Amekaa tu. Hatakuita. Hajui kama umeshasoma, na hatakuuliza.

Unaweza kwenda kwake, unaweza usiende. Ukienda, mwambie kwa maneno yako, kutoka pale unapotaka kuanzia. Mimi nimewachukua watoto wote wa nyumba hii na nimewapeleka kwa Mama Eliza ng'ambo ya mashamba, nimerudi kuweka barua hii tu, na nitakaa huko nao mpaka uje kuniita au mpaka giza liingie kabisa. Nimesimama uani kwake mmoja wao akiita kutoka kwetu: hata ukipiga kelele, kule hakufiki kitu. Nyumba ni yenu wawili.

Dada wa baba yako,
Goreti